Chemirocha: Mwana wa reli aliyeimbwa Kericho bila ya kufika

Chai tunayoinywa hapa Pwani, asubuhi kwa mahamri na jioni barazani, majani yake hutoka bara, na katika bara yote hakuna nchi iliyosifika kwa zao hilo kama Kericho na Bomet. Majani hayo hushuka kwa malori mpaka Mombasa, mji ambao tangu mwaka 1969 ndio wenye mnada wa chai, na kutoka Kilindini hupakiwa melini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwengineko. Habari hizo kila mtu azijua. Ambalo si wengi walijualo ni kwamba zamani, kabla ya uhuru, kuna kitu kilichopita njia hiyo hiyo lakini kwa kinyume chake. Kilitoka ng'ambo, kikapanda mpaka vilima vya Kericho, kikapata makazi huko. Kitu hicho kilikuwa sauti ya mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Mmarekani, jina lake Jimmie Rodgers. Hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja, na alikuwa amekwisha kuzikwa miaka 17 wakati wasichana wa Kipsigis walipoliimba jina lake mbele ya mashine ya kunasia sauti, mwaka 1950, mahali paitwapo Kapkatet. Wao hawakumwita Jimmie Rodgers. Walimwita Chemirocha. Na katika wimbo wao hakuwa tena Mzungu aliyeugua kifua akafa angali kijana. Alikuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa, mwingi wa kucheza ngoma.

Leo tutayasimulia maisha ya mtu huyo tangu kuzaliwa kwake mpaka jina lake lilipofika Kapkatet. Kisa chake kina ladha ya hadithi za kale, lakini ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi watu wa Pwani tunaopenda nyimbo: wimbo unapobaki, nani hukumbukwa, na nani husahauliwa?

KULELEWA NA RELI

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika nchi za kusini mwa Marekani, na mji anaohesabiwa kuwa ndio kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi. Mwaka huo huo, hapa kwetu, reli ya Uganda ilikuwa ikiikata nyika ya Taru kutoka Mombasa kuelekea Voi. Msomaji aliweke hilo moyoni, kwa maana maisha ya mtu huyu yalianza kwa reli, yakaendeshwa na reli, na baada ya kufa kwake tutaikuta reli ile ya kwetu nayo imo katika kisa chake.

Mamake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Babake alikuwa msimamizi wa genge la wafanyakazi wa reli, mtu wa kuhama huku na huko akifuata kazi. Basi mtoto akawa mara yuko kwa jamaa huyu, mara kwa yule, mara amefuatana na baba kambini. Shule hakuiona sana. Alipokuwa na umri wa kama miaka 13 alishinda shindano la kuimba mjini kwao, kichwa kikamvimba, akatoroka na kundi la wauza dawa waliokuwa wakizunguka miji na kuwavuta wateja kwa nyimbo na vichekesho. Babake alimrudisha, na yasimuliwa kuwa alimpa hiari ya mambo mawili: kurudi shule au kuingia kazini. Kijana akachagua kazi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwachukulia maji vibarua wa reli. Wengi wa vibarua hao walikuwa Wamarekani weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika. Walilaza mataruma, wakagongomea misumari na kuyasogeza mapande ya chuma kwa mitaimbo, na kazi hiyo yote waliifanya kwa kuimba ili mikono iende pamoja, kama mabaharia wetu wanapopandisha tanga la jahazi. Mtoto alikaa na ndoo yake akisikiliza. Yasemekana ni vibarua hao waliomwonyesha namna ya kupiga banjo na gitaa. Nyimbo zao za huzuni, zile ziitwazo bluzi, zikamwingia mpaka mifupani.

Katika Mississippi ya siku zile mtu mweupe na mtu mweusi hawakuruhusiwa kuketi behewa moja, wala watoto wao kusoma chumba kimoja. Lakini sheria ile haikuweza kuyafunga masikio. Kile alichokisikia Jimmie katika umri ule ndicho kilichokuja kumpa mkate, na vibarua waliomfundisha hatuwajui majina.

Baadaye alipandishwa kazi akawa mshika breki. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wenye moyo: kupanda juu ya mabehewa garimoshi likiwa linakwenda, kukaza breki kwa mkono, na kuyaunga na kuyaungua mabehewa katika mvua na baridi. Mwaka 1917 alioa, na ndoa haikudumu. Mwaka 1920 akamwoa binti wa mhubiri mmoja wa Meridian, Carrie Williamson, aliyekaa naye mpaka mwisho. Walijaaliwa watoto wawili wa kike. Wa pili alifariki mwaka 1923 akiwa mchanga, wakati baba yuko mbali akitafuta kazi na mfukoni hana kitu, na yasimuliwa kuwa ilimbidi aweke rehani banjo yake ili apate nauli ya kwenda kuzika.

MARADHI YA KIFUA

Msiba haukuja peke yake. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 27, Jimmie alianza kutapika damu, na madaktari wakamwambia ana kifua kikuu. Zama zile hapakuwa na dawa ya kuyaua maradhi hayo. Dawa ya kwanza yenye nguvu hiyo, streptomisini, iligunduliwa mwaka 1943. Kabla yake mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri na atafute hewa safi, kisha amwachie Mungu.

Kazi ya breki si kazi ya mtu wa kifua. Akajaribu kuishi Florida, akajaribu Arizona kwenye hewa kavu, kila mahali akipata kibarua cha reli kisha akikipoteza. Hapo ndipo alipoamua kuutegemea ule ujuzi ambao babake aliuona upuuzi. Kama hawezi kufanya kazi ya mikono, ataimba. Uamuzi huo kwa mtu mwenye pafu bovu ulikuwa kama uamuzi wa mtu mwenye mguu uliovunjika kutaka kuishi kwa kukimbia. Alikuwa na mke na mtoto, na njia nyengine hakuiona.

Mwanzoni mwa 1927 alihamia Asheville, mji wa milimani katika North Carolina, akapata kuimba katika redio ya hapo. Akajiunga na vijana watatu wapiga ala, wakawa kundi moja. Redio haikuwaweka muda mrefu, wakawa wanapiga kwenye mahoteli na sherehe. Katika hangaika hiyo wakasikia kuwa kuna mtu wa kampuni ya santuri amekuja mji wa Bristol kutafuta waimbaji.

SIKU MOJA BRISTOL

Bristol ni mji wenye ajabu yake. Barabara yake kuu imekaa juu ya mpaka, upande huu ni Tennessee na upande wa pili ni Virginia. Hapo ndipo Bw. Ralph Peer wa kampuni ya Victor alipofungua mashine zake mwishoni mwa Julai 1927, katika jengo lililokuwa ghala la kofia. Alitaka nyimbo za watu wa milimani, wakulima na wachimba makaa. Katika siku chache hizo walipita mbele yake watu waliokuja kuwa nguzo za muziki wa Marekani, miongoni mwao jamaa wa Carter kutoka mashamba ya Virginia.

Jimmie na wenzake walikuja, lakini usiku wa kuamkia siku yao walizozana. Ugomvi wenyewe ulihusu jina: sahani ikitoka, iandikwe jina la nani? Kila upande ukashikilia lake, wakaachana. Wenzake wakaimba peke yao, naye tarehe 4 Agosti 1927 akaingia peke yake na gitaa lake. Aliimba nyimbo mbili, moja ya mchumba wa askari aliyekufa vitani, na ya pili ya kumbembeleza mtoto alale. Akalipwa dola 100.

Sahani hiyo haikuvuma sana. Mtu mwengine angaliongoja kuitwa tena. Jimmie hakuwa na wakati wa kungoja, kwa kuwa saa yake ilikuwa ikilia ndani ya kifua. Mwezi wa Novemba alisafiri mwenyewe mpaka New York, akapanga hotelini na kumpasha habari Bw. Peer kuwa amefika na yuko tayari. Peer akampeleka Camden, katika jimbo la New Jersey, kwenye studio ya Victor. Huko, tarehe 30 Novemba 1927, alinaswa akiimba wimbo ulioitwa Blue Yodel.

WIMBO ULIOFUNGUA MLANGO

Wimbo huo ulikuwa mchanganyiko wa vitu viwili. Mwili wake ulikuwa bluzi ya wale vibarua weusi wa reli. Mwishoni mwa kila ubeti mwimbaji aliacha maneno, akairusha sauti kutoka kifuani mpaka juu kabisa kwenye kichwa cha koo, ikakatika na kushuka, ikarushwa tena. Mtindo huo huitwa yodeli, na asili yake yajulikana zaidi kuwa ni ya wachungaji wa milima ya Uswisi na Austria. Jimmie aliufanya uwe kama kilio na kicheko kwa pamoja. Maneno ya wimbo wenyewe, yahusuyo mwanamume aliyesalitiwa na mpenzi wake akaazimia kushika bunduki, si ya kumfundisha mtu adabu. Lakini watu hawakununua maneno. Walinunua ile sauti.

Sahani ilitoka mwanzoni mwa 1928 na kuuzwa kwa mamia ya maelfu. Mtu ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa hana kodi ya nyumba sasa alijulikana Marekani nzima. Alitoa nyimbo nyengine nyingi za namna hiyo, zikahesabiwa kwa nambari, Blue Yodel ya pili, ya tatu, na kuendelea. Mwaka 1929 akapigwa filamu fupi, amevaa nguo za mshika breki, ameketi na gitaa kana kwamba anangoja zamu yake ya garimoshi.

Hapa itafaa tutazame kwetu. Katika mwaka ule ule wa 1928, Bi. Siti binti Saad wa Unguja alipanda meli na wenzake kwenda Bombay kunaswa nyimbo zake kwa ajili ya HMV. Naye alikuwa mtu wa hali ya chini, mzaliwa wa Fumba, na sahani zake zikaenea pwani yote. HMV ya Waingereza na Victor ya Wamarekani zilikuwa kampuni zenye udugu, zikitumia alama moja: yule mbwa aliyeinamisha kichwa akisikiliza santuri. Basi yule mbwa waliyemjua wazee wetu kwenye sahani za Siti ndiye aliyekuwa akimsikiliza na Jimmie Rodgers. Sahani za Jimmie nazo zilivuka bahari, zikauzwa Uingereza, India na hata Australia.

MALI NA NAFSI

Fedha zilipokuja, Jimmie hakuzifungia. Alinunua magari, akavaa vizuri, akawasaidia waliomjia na shida. Mwaka 1929 akajenga nyumba kubwa Kerrville, katika jimbo la Texas, mji wa vilima uliosifiwa kwa hewa yake kwa wagonjwa wa kifua. Nyumba hiyo ilimshinda kuiweka, akaiuza, akahamia San Antonio katika nyumba ya kiasi. Watu wa Texas wamemhesabu kuwa mtu wao tangu siku hizo.

Mwaka 1931, ukame na njaa vilipowapiga wakulima wa Texas, Oklahoma na Arkansas, alizunguka pamoja na mchekeshaji maarufu Will Rogers wakifanya maonyesho ya kuchangisha fedha za Msalaba Mwekundu. Mwaka huo pia alitoa wimbo juu ya maradhi yake mwenyewe, akiyataja waziwazi wakati ambapo wengi waliyaficha kama aibu. Wagonjwa waliokuwa wamelala hospitalini walimsikia mwenzao akilitaja jina la ugonjwa bila ya kuona haya, na hiyo ilikuwa liwazo.

Kuna sahani yake moja ambayo ni lazima tuitaje. Tarehe 16 Julai 1930, mjini Los Angeles, aliimba Blue Yodel nambari 9. Aliyepiga tarumbeta ni Louis Armstrong, mfalme wa jazi, na aliyepiga piano ni mkewe Armstrong, Lil Hardin. Mzungu wa Mississippi na mabingwa wawili weusi katika chumba kimoja, siku ambazo garimoshi la kwao lisingaliwakubali pamoja. Lakini sahani ilipotoka, kwenye karatasi yake liliandikwa jina la Jimmie peke yake. Armstrong na Lil hawakutajwa. Yule aliyekuwa ameachana na wenzake kwa sababu ya jina sasa alikuwa na jina lote kwake, na waliompambia wimbo wakawa hawapo.

KITANDA NDANI YA STUDIO

Kufikia mwaka 1933 mambo yalikuwa mabaya. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na watu waliokosa mkate hawakununua sahani. Kifua nacho kilikuwa kimekwisha. Jimmie alijua hana muda, akataka aache kitu kwa mkewe na bintiye. Akasafiri tena New York mwezi wa Mei, akifuatana na muuguzi, na kampuni ikamwekea kitanda cha kupumzikia karibu na chumba cha kunasia. Aliimba wimbo, akalala. Akipata nguvu, akainuka akaimba mwengine. Kutoka tarehe 17 hadi 24 Mei alimaliza nyimbo zaidi ya 10 kwa mtindo huo.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1933 damu ilimtoka kifuani katika hoteli ya Taft, naye akafariki dunia. Umri wake ulikuwa miaka 35. Tangu ile siku ya Bristol hata miaka sita haijatimia, na katika muda huo aliacha nyimbo zaidi ya 100. Maiti yake ilirudishwa Meridian kwa garimoshi, na yasimuliwa kuwa dereva aliipiga honi kwa sauti ya chini ya maombolezo walipokuwa wakiingia. Reli iliyomlea ndiyo iliyompeleka kaburini.

Wamarekani hawakumsahau. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri, na mwaka 1978 serikali ikatoa stempu yenye sura yake. Wanamwita baba wa muziki huo. Lakini heshima iliyo ya ajabu kuliko hizo ilikuwa imekwisha kutolewa zamani, mahali ambapo hakuna aliyefikiri kutazama.

SAUTI YAPANDA KERICHO

Turudi kwenye reli yetu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na njiani ilipita nchi ya Wakipsigis kwenye stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi ni Kipkelion. Walowezi wakaingia, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yakaja kupanda chai Kericho. Wenyeji walipoteza ardhi nyingi iliyo bora. Pamoja na wageni ikaingia gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Walowezi walikuwa nayo, wamisionari walikuwa nayo, na wenye maduka nao walikuwa nayo. Sahani zilikuja kama ilivyokuja mizigo mengine ya ng'ambo, kwa meli mpaka Kilindini na kwa garimoshi mpaka bara.

Miongoni mwa sahani hizo zilikuwamo za Jimmie Rodgers. Wakipsigis wana kinanda chao cha nyuzi kiitwacho chepkong, ambacho hudonolewa kwa vidole, na si ajabu kwamba gitaa la Jimmie halikuwa geni masikioni mwao. Jina lake walilipokea kwa namna watu wote wanavyopokea majina ya wageni, kama Alexander wa Wagiriki alivyogeuka kuwa Iskandar kwetu. Majina ya Kipsigis mengi huanza kwa Kip kwa wanaume na Che au Chep kwa wanawake. Jimmie Rodgers akawa Chemirocha, jina ambalo mtu angeweza kulisikia likiitwa sokoni Litein bila ya kugeuka kumtazama mgeni.

Mwaka 1950 alifika Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na aliyezunguka bara hili kwa gari akinasa muziki wa wenyeji. Kapkatet, karibu na Litein, alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo la Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume kwa kinanda. Ya tatu iliimbwa na wasichana, kiongozi wao Chemutoi Ketienya, sauti zao nyororo zikipokezana juu ya mdundo mwepesi wa nyuzi. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimfanya Chemirocha kuwa nusu mtu nusu paa, nao wakimhimiza acheze ule mchezo wa kuruka wa Kipsigis kwa nguvu hata nguo zimvuke.

Msomaji asije akawacheka. Mwenye kuzijua nyimbo za vugo za hapa kwetu anajua kuwa wanawake wakikusanyika hutania, na utani wao una akili nyingi. Tena tufikirie hali yenyewe. Sauti inatoka katika sanduku. Haina uso, haina miguu, haina kijiji. Inaongea lugha isiyojulikana, kisha katikati ya maneno inaruka juu kama mnyama aliyeshtuka mwituni. Wasichana wale waliipa sauti hiyo mwili uliolingana nayo. Mtu aliyekufa kwa kukosa pumzi, Kapkatet alipewa mapafu ya paa.

Nasi tukumbuke ile sauti ilikotoka. Nusu yake ilikuwa bluzi ya vibarua weusi wa Mississippi, watu ambao babu zao walitoka katika bara hili. Jimmie aliichukua kwenye reli ya kwao, akaipeleka Camden, mbwa wa Victor akaipeleka duniani, na reli ya Mombasa ikaipandisha Kericho. Kwa mzunguko huo mrefu, sehemu ya sauti ya Afrika ilirudi Afrika ikiwa imevaa jina la Mzungu, na wasichana wa Kipsigis wakaivua jina hilo na kuivika la kwao.

MAJINA YALIYOBAKI NA YALIYOPOTEA

Mwaka ule ule wa 1950, mwezi wa Julai, Bi. Siti binti Saad alifariki Unguja. Jina lake lilisalimika kwa sababu zaidi ya moja, na kubwa kati ya hizo ni kuwa Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Jimmie alisalimika kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye kila sahani. Na Chemutoi Ketienya twamjua kwa kuwa Tracey aliliandika jina lake katika daftari. Wenzake waliomwitikia waliandikwa wasichana wa Kipsigis, basi.

Rekodi hizo zilikwenda Afrika Kusini, ambako ziko mpaka leo katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa zaidi ya miaka 60 wageni wa mbali waliweza kuusikia wimbo wa Kapkatet, na watu wa Kapkatet wenyewe hawakuwa nao. Katikati ya miaka ya 2010 maktaba hiyo, ikisaidiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nakala Kericho na Bomet, na wakapatikana wazee waliokuwa vijana wakati Tracey alipopita. Ni jambo la kheri, lakini lilichelewa. Wengi wa walioimba walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Hapo ndipo kisa hiki kinapotugusa. Mtu huyu aliugua, akahangaika, akaimba akiwa juu ya kitanda cha kufia ili watoto wa watu wasimwache mkewe njaa. Jina lake alilipata kwa jasho na hatumwonei. Lakini nyuma yake wamesimama vibarua wenye mitaimbo ambao hawana jina, wamesimama Armstrong na Lil wasiotajwa, na mbele yake wamesimama wasichana ambao walimpa maisha ya pili bila ya kulipwa wala kuandikwa. Wimbo husafiri bila ya pasi. Jina la mwenyewe halisafiri mpaka mtu alichukue na kuliandika.

Hapa Pwani wapo akina mama wa vugo Mji wa Kale, wapo wapiga zumari Lamu, wapo waimbaji wa zamani wa taarabu ambao sauti zao ziko kwenye sahani zilizopasuka na majina yao hayako popote. Tusingoje mgeni aje na mashine yake. Mwenye kalamu na akae na bibi yake jioni moja, amwulize ni nani aliyetunga, ni nani aliyeitikia, na aliitwaje. Swali hilo lina haki yake sawa na deni.

Na wakati maji yanachemka kwa ajili ya mazungumzo hayo, utakapotia majani ya Kericho birikani, mkumbuke Chemutoi na wenzake wasiotajwa, ambao waliisikia sauti ya mgonjwa wa mbali wakaifanya ipone.